Nahodha na mhandisi waliowahi kupendana: je, wanaweza kuruka chombo kimoja?

SWALI: Shikamoo Daktari. Naandika riwaya ya kisayansi kuhusu meli ya anga inayosafiri kwenda nyota nyingine, watu 12 ndani. Nahodha ni mwanamke. Mhandisi wake mkuu aliwahi kuwa mpenzi wake miaka sita nyuma, wakiwa bado mafunzoni, na waliachana vibaya. Rafiki yangu mhariri amesoma sura za mwanzo akaniambia haziaminiki: eti hakuna shirika la anga lenye akili timamu ambalo lingewapanga pamoja, na nahodha wa kweli angekuwa ameshasahau. Ni kweli? Nawezaje kuonyesha mipaka ya kikazi kati yao bila nahodha wangu kuonekana jiwe? Na mwishoni warudiane au wasirudiane?

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera kwa kuthubutu kuandika jambo hili kwa Kiswahili. Mhariri wako ana jicho zuri, maana ameona penye uzito, ila sababu zake mbili sikubaliani nazo. Mashirika ya anga yameshawahi kuwapanga pamoja watu waliofungwa na mapenzi, na hakuna mafunzo duniani yanayomfanya mtu asahau. Kama hadithi yako ina kasoro, iko kwa wale watu kumi waliobaki ndani ya meli. Katika barua yako yote umewataja kwa hesabu tu.

Nianze na historia, kwa sababu ndiyo utakayomjibia mhariri.

Mwaka 1978 NASA, shirika la anga la Marekani, ilitangaza kundi jipya la wanaanga 35, wakiwemo wanawake sita wa kwanza wa Marekani. Wachukue marubani wa kivita, madaktari na wanasayansi, wengi wao wakiwa bado vijana, uwaweke Houston wasome pamoja, wasafiri pamoja, wachoke pamoja. Kilichofuata mtu mzima yeyote angekitabiri. Rhea Seddon, daktari wa upasuaji, alifunga ndoa na rubani Robert Gibson mwaka 1981. Sally Ride alifunga ndoa na mwanaanga mwenzake Steven Hawley mwaka 1982, na wakaachana mwaka 1987. Hakuna hata ndoa moja kati ya hizo mbili iliyopaa kwenye chombo kimoja. Ilikuwa desturi ya ofisi ya wanaanga, inayojulikana na kila mtu bila kubandikwa ukutani: mume na mke hawapangiwi safari moja.

Desturi hiyo ilivunjika Septemba 1992. Wanaanga Jan Davis na Mark Lee walikuwa wamepangwa kwenye safari ya STS-47 kabla hawajaoana. Walioana mafunzo yakiwa yanaendelea. Ofisi ikabaki na swali gumu: imwondoe nani? Ilikuwa safari ya maabara iliyoandaliwa pamoja na Wajapani, yenye majaribio mengi ya kisayansi, na kila mmoja wao alikuwa amekwisha kufundishwa sehemu yake. Kumwingiza mtu mpya kungerudisha kazi nyuma. Basi wakaachwa, na tarehe 12 Septemba Endeavour, kimojawapo cha vyombo vya NASA viitwavyo shuttle, ikapaa na watu saba, wawili kati yao mke na mume.

Sasa angalia walivyopangwa, maana hapa ndipo penye funzo kwa mwandishi. Kazi iliendeshwa saa 24 kwa timu mbili za zamu, Nyekundu na Buluu. Lee aliwekwa Nyekundu, Davis akawekwa Buluu. Mmoja akiwa kwenye mashine, mwenzake yuko kitandani. Wenyewe waliulizwa maswali ya kila aina na waandishi wa habari, mengine ya kukera, lakini ndani ya chombo mpaka ulikuwa ratiba ya kazi. Hakuna aliyehitaji kuwahubiria. Na kamanda wa safari hiyo alikuwa nani? Robert Gibson yuleyule, mume wa Rhea Seddon, mtu aliyejua kutoka nyumbani kwake mwenyewe maana ya kuwa na mwenzi wa kazi hiyohiyo.

Mpaka shuttle zilipostaafu mwaka 2011, Davis na Lee walibaki ndoa pekee iliyoruka pamoja kwenye vyombo hivyo. Baadaye nao waliachana. Hata hivyo wanaanga hawajaacha kuoana. Bob Behnken na Doug Hurley, waliorusha Crew Dragon, chombo cha kampuni ya SpaceX, yenye watu kwa mara ya kwanza mwezi Mei 2020, wote wawili walikuwa na wake wanaanga. Mke wa Behnken, Megan McArthur, alipaa mwaka uliofuata kwenye chombo kilekile, akaketi kwenye kiti kilekile alichokalia mumewe. Familia moja, kiti kimoja, safari mbili tofauti. Ndivyo ofisi inavyopenda.

Ila hao wote ni wanandoa, na ndoa ina cheti. Ofisi inaiona, inaipangia. Mapenzi ya chuoni yaliyokwisha miaka sita iliyopita hayana cheti. Hakuna faili lenye jina lake. Jamaa wawili wanaweza kufaulu kila mtihani, wakapangiwa meli moja na kompyuta iliyoangalia ujuzi na afya, na wa kwanza kujua kuna jambo akawa nahodha mwenyewe, siku anaposoma orodha ya majina. Kwa hiyo mwambie mhariri wako hivi: wanandoa ndio wangekuwa vigumu kuaminika. Wapenzi wa zamani wanapita mlangoni bila kuulizwa.

Ningekuwa wewe, ningeandika tukio hilo la kusoma orodha. Nahodha ana saa chache kabla ya kutia sahihi. Je, aseme? Akisema, mhandisi bora kuliko wote anaweza kuondolewa kwa kosa ambalo si kosa. Asiposema, ameanza uongozi wake kwa kuficha. Hapo tayari una sura nzima, na hata injini haijawashwa.

Sababu ya pili ya mhariri, kwamba nahodha wa kweli angekuwa ameshasahau, inatokana na imani ambayo watu wengi wanayo kuhusu wanaanga, kwamba wamechujwa mpaka wakabaki bila hisia. Februari 2007 imani hiyo ilipata pigo. Lisa Nowak, ofisa wa jeshi la majini mwanaanga aliyekuwa ameruka na shuttle ya Discovery miezi saba tu nyuma, aliendesha gari kutoka Houston hadi Orlando kumfuata mwanamke aliyekuwa na uhusiano na mwanaanga ambaye Nowak naye alikuwa na uhusiano naye, akakamatwa kwa kumshambulia kwenye maegesho ya uwanja wa ndege. Wanaanga wote wawili walirudishwa jeshini mwaka huo, na NASA ikaunda kamati ya kuchunguza huduma za afya, pamoja na afya ya akili, za wanaanga wake. Sitaji mkasa huu kwa kumsuta mtu. Waandishi wa magazeti walimfanyia dhihaka ya kutosha, na nyuma ya dhihaka hiyo kulikuwa na binadamu aliyekuwa akizama huku wenzake wa kazini wakimwona kila siku. Nautaja kwa sababu unaonyesha kwamba mtu anaweza kufanya kazi ngumu kuliko zote, kwa ustadi, angani, na bado moyo wake ukabaki na deni lisilolipwa. Mafunzo yanamfundisha mtu kufanya kazi huku anaumia. Kuponya hayaponyi.

Na hapo ndipo mahali pa nahodha wako. Asisahau chochote. Akumbuke mpaka anavyokohoa yule bwana akiwa na wasiwasi. Swali la riwaya liwe anaifanyia nini kumbukumbu hiyo anapotakiwa kuamua.

Kabla sijaendelea, kuna sadfa ambayo mpenzi wa anga kama wewe utaifurahia. Kwenye ile safari ya Davis na Lee alikuwamo Mae Jemison, mwanamke wa kwanza mweusi kwenda angani. Mei 1993 akaonekana kama mwigizaji kwenye sehemu moja ya tamthilia ya televisheni ya Star Trek: The Next Generation, akiwa ofisa wa kawaida kwenye meli ya Enterprise. Sehemu hiyo inahusu nini? Inahusu Riker, msaidizi wa nahodha, na Troi, mshauri wa meli, waliopendana zamani kisha Riker akachagua cheo badala ya kwenda kukutana naye walikoahidiana. Jemison alitoka kwenye chombo halisi chenye mke na mume akaenda kwenye chombo cha kubuni chenye wapenzi wa zamani, yote ndani ya mwaka mmoja.

Tamthilia hiyo ilipatia jambo kubwa: ilikubali kwamba watu wawili wanaweza kuwa na historia, wakafanya kazi pamoja miaka mingi, na heshima ikakaa. Wiki chache kabla, sehemu nyingine ilikuwa imemwonyesha Nahodha Picard akimpenda ofisa aliye chini yake, kisha akalazimika kumtuma kwenye dhoruba ya moto kuokoa watu. Anarudi salama, lakini wote wawili wanaona kwamba nahodha hataweza kumtuma tena kwa moyo mmoja, na mwanamke anaomba kuhama. Hapo waandishi waligusa mfupa. Kasoro yangu na tamthilia hiyo ni moja. Troi ndiye mshauri wa akili wa meli nzima, na Riker yumo kwenye meli hiyo. Maadili ya chama cha wanasaikolojia wa Marekani yanakataza waziwazi mwanasaikolojia kumpokea kama mgonjwa mtu aliyewahi kuwa na mahusiano ya kimwili naye. Haijalishi miaka mingapi imepita. Basi Riker akiumia rohoni aende kwa nani? Wewe umekwepa mtego huo kwa kumfanya bwana kuwa mhandisi. Usiurudie kwa daktari wa meli yako: huyo awe mtu ambaye hajawahi kuwa na lolote na yeyote, maana atakuwa ndiye sikio pekee la siri.

Sasa tuje kwa wale kumi.

Waswahili tumesema mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika. Kwenye meli ya watu 12 hata yaliyokufa hukohoa. Mwezi wa kwanza hautaisha kabla kila mtu hajajua, na tangu siku hiyo wataanza kuhesabu. Nahodha amekaa wapi mezani? Amekaa chumba cha injini dakika ngapi leo? Mhandisi alipochelewa zamu alikemewa kama alivyokemewa mpishi wiki iliyopita? Hakuna anayesema neno, lakini kila mmoja ana daftari kichwani.

Waandishi wengi wakifika hapa hufikiria upendeleo wa aina moja tu, nahodha kumbeba mpenzi wake wa zamani. Katika kazi yangu na watu wanaoishi walikofungiwa, mabaharia hasa, ninaouona mara nyingi ni ule wa pili: kiongozi anayemwonea yule mtu ili aonekane hampendelei. Anampa zamu mbaya, anamkatiza kwenye mkutano, ripoti yake anaisoma mara mbili akitafuta kosa. Yeye anadhani anatenda haki. Mwenzake anaadhibiwa kwa kuwa aliwahi kupendwa. Na wengine wanajifunza kwamba hapa kazi nzuri haitoshi, kuna jambo jingine linalopimwa. Mpe nahodha wako kosa hili kabla ya lile la kupendelea. Ni la mtu mwadilifu, na linauma zaidi kwa sababu analifanya akiwa na nia njema.

Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu kina kanuni za mwenendo ambazo kila mwanaanga anafungwa nazo kabla ya kwenda. Hazizungumzii nani alimpenda nani. Zinadai watu waishi kwa maelewano, kuaminiana na kuheshimiana, na zinakataza upendeleo usiostahili, pamoja na mwenendo unaofanya uonekane kana kwamba upo. Hilo la kuonekana ndilo zito. Nahodha anaweza kuwa hana hatia yoyote moyoni, na bado akawa amevunja imani ya watu kwa jinsi mambo yanavyoonekana kutoka upande wa pili wa meza. Jeshi la majini la Uingereza limekwenda mbali zaidi: kwenye meli zake za kivita, kugusana kimapenzi kumepigwa marufuku hata kwa waliooana. Mume na mke wakiwa melini wote ni mabaharia, basi.

Na watu wa pembeni wakipuuzwa, mambo huharibika haraka. Mwaka 1999 hadi 2000 taasisi ya tiba ya anga ya Moscow ilifungia vikundi vya watu kutoka nchi mbalimbali kwenye mitungi mikubwa iliyounganishwa, kuiga maisha ya kituo cha anga. Katika sherehe ya mwaka mpya Warusi wawili walipigana mpaka damu ikamwagika, na kamanda mmoja akambusu kwa nguvu mtafiti mwanamke kutoka Kanada aliyekwisha kumkatalia. Hayo si mapenzi, ni unyanyasaji, na usiyachanganye kwenye riwaya yako. Tazama kilichofuata: malalamiko yalipofika nje yalichukuliwa kama tofauti za utamaduni, mlango kati ya mitungi ukafungwa, na mshiriki kutoka Japani akajitoa kabla ya muda wake. Kikundi kilivunjika pale walipoona kwamba mwenye kulalamika hasikilizwi. Na hao walikuwa Moscow, wakiwa na barabara nje ya ukuta.

Meli yako haina barabara. Hata Mars, ujumbe unachukua kati ya dakika 3 na 22 kufika, upande mmoja. Nyota iliyo karibu kuliko zote baada ya Jua, Proxima Centauri, iko umbali wa miaka ya nuru 4 na kidogo, yaani hata nuru yenyewe huchukua miaka hiyo kufika. Mtu akifika huko na kupeleka shtaka dhidi ya nahodha, jibu atalipata baada ya miaka zaidi ya minane. Kwa hiyo kila kitu ambacho duniani hufanywa na ofisi ya utumishi, polisi na shangazi, ndani ya meli hiyo lazima kifanywe na watu 12. Usiache jambo hili liwe mandhari tu ya nyuma. Linabadilisha kila tendo la nahodha. Duniani bosi akimwomba mfanyakazi wake wakanywe chai, anaweza kukataa, na hali ikiwa mbaya akatafuta kazi kwingine. Hapa anayeomba ndiye anayeshika hewa, chakula na zamu, na anayeombwa hana pa kuhamia. Hata ombi la upole kabisa lina uzito wa amri. Nahodha mwenye busara anajua, na ndiyo maana hatakuwa wa kwanza kuyagusa ya zamani, hata kwa utani.

Umeniuliza jinsi ya kuonyesha mipaka bila kumfanya jiwe. Jibu langu: mipaka iweke kwenye taratibu, hisia ziache mwilini. Acha taratibu ziwe baridi, ili yeye asilazimike kuwa baridi.

Taratibu gani? Nahodha amwambie naibu wake na daktari, mapema, kwa sentensi mbili tatu bila masimulizi: tuliwahi kuwa pamoja, kumeisha, nataka mjue. Ripoti ya utendaji ya mhandisi iandikwe na naibu. Zamu zipangwe ili wawili hao wasibaki peke yao usiku kwenye chumba cha uongozaji bila sababu ya kazi. Na lililo kubwa kuliko yote, orodha ya nani anatoka nje ya meli kwenye dharura iwe imepangwa wakati wa utulivu, kwa ujuzi, kabla hatari haijafika. Hivi ndivyo inavyofanyika. Mei 2013 wakazi wa kituo cha anga waliona chembe nyeupe za amonia zikielea nje, mfumo wa kupoza mitambo ukivuja. Siku mbili baadaye wanaanga Chris Cassidy na Tom Marshburn walikuwa nje wakibadilisha pampu. Wawili hao walikwisha kufanya kazi nje ya kituo pamoja mwaka 2009, katika eneo lilelile. Ujuzi wao ulikuwa umeshawachagua kabla chembe ya kwanza haijaonekana.

Mfano wa kuliandika, na uubadilishe utakavyo:

Taa nyekundu zilikuwa zikiwaka ukuta mzima. "Bomba la pili," mhandisi alisema. "Nipe nusu saa nje, nitalifunga."
Nahodha hakumtazama. "Naibu, orodha inasema nani?"
"Yeye, Nahodha. Na Mwalimu wa mitambo kama mshika kamba."
"Basi wajiandae."
Alisubiri mpaka mlango ukajifunga nyuma yao ndipo akagundua kwamba alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

Ameuliza orodha, na hilo ni mpaka. Ameshika meza, na hiyo ni hisia. Hakuna sentensi moja inayosema bado anampenda au hampendi, na sidhani msomaji ataihitaji. Naibu naye amepata kazi: amesikia swali lile na ameelewa kwa nini limeulizwa kwake, mbele ya watu.

Vyeo na majina vitakusaidia pia. Mbele ya watu wamwite "Nahodha" na "Mhandisi". Kuwe na jina moja la zamani, la utani, ambalo bwana yule alikuwa akimwita mafunzoni. Lisitajwe mpaka robo tatu ya kitabu. Siku likimponyoka kwenye redio, wote kumi wakisikiliza, utakuwa na tukio kubwa kuliko mlipuko wa injini. Halafu andika alichofanya nahodha sekunde ile. Mimi ningemfanya aseme, "Rudia, Mhandisi," kwa sauti ya kawaida, na bwana arudie taarifa yake kwa cheo. Asimwaibishe, wala asijifanye hakusikia.

Usiogope kugusana pia. Julai 2013, mwezi wa pili baada ya ile amonia, kofia ya mwanaanga Luca Parmitano ilianza kujaa maji akiwa nje ya kituo. Alirudi akiwa haoni vizuri wala hasikii vizuri. Wakiwa kwenye chumba cha kuingilia, hewa ikirudishwa polepole, Cassidy alimminya glavu kuuliza kama yu hai, naye akajibu kwa ishara ya vidole kwamba yuko salama. Watu wanaofanya kazi ya hatari hugusana hivyo, na hakuna mapenzi ndani yake. Mpe mhandisi wako na yule mshika kamba mguso kama huo. Kisha nahodha aone kupitia kioo, ajue kwamba yeye ndiye mtu pekee melini asiyeweza kuminya glavu ile bila kuhojiwa. Hiyo ni gharama ya uongozi, na ni ya upweke kweli. Ukiiandika vizuri hakuna atakayemwita jiwe.

Naibu nimemtaja mara nyingi kwa makusudi. Nafikiri ndiye mtu aliyekosekana kwenye rasimu yako. Nahodha mwenye historia na mtu aliye chini yake anahitaji mtu wa kumwambia, faraghani na bila woga, "Jana ulimwonea." Na awe na mamlaka ya kulisema. Kama naibu huyo naye ana tamaa ya kiti cha unahodha, riwaya yako itapanda ngazi nyingine: ukweli anaoujua unaweza kuwa msaada au silaha, na nahodha alimpa mwenyewe kwa mikono yake.

Sasa la mwisho, warudiane au la. Najua wasomaji wako wengi watataka warudiane, na sioni ubaya. Ninachokataa ni kurudiana usiku baada ya hatari kubwa, wakiwa bado wanatetemeka, na asubuhi nahodha akaendelea kutoa amri kama kwamba hakuna kilichotokea. Wengine watakuwa wameonewa, na mhandisi atakuwa amekubali jambo bila kuwa na nafasi halisi ya kukataa. Kama unataka warudiane, uongozi ubadilike kwanza. Kituo cha anga hubadilisha makamanda mara kwa mara, kwa hafla fupi ambapo anayeondoka anamkabidhi mwenzake mbele ya wote, na mtu aliyekuwa kamanda jana anaweza kuwa mtu wa kawaida leo bila kudharauliwa. Safari yako ni ya miaka mingi, hivyo unahodha wa zamu utaaminika kabisa, na ni vizuri zaidi ukiutaja mapema, sura ya pili au ya tatu, ili usionekane umeuzua mwishoni kuwahurumia.

Kisha muda wake unapokaribia kwisha, wenzake wamwombe aendelee, kwa sababu ameongoza vizuri. Hapo atakuwa na kitu cha kukataa, na wewe utakuwa na sura ambayo anakataa unahodha bila kusema kwa nini, naibu akijua, daktari akijua, na mhandisi akiwa chini kwenye injini hana habari. Akishavua cheo, yeye ndiye asubiri. Bwana aje mwenyewe, au asije. Mimi sijui atakuja au hatakuja, wewe umeishi nao kuliko mimi. Ila mpe mhandisi sababu ya haki ya kutokuja, maana uliniambia waliachana vibaya na hukuniambia nani alimuumiza mwenzake. Liamue hilo kabla hujaandika ukurasa mwingine, na uwaandikie wale kumi majina na kazi zao kwenye karatasi moja, pamoja na kila mmoja alijuaje.